Mpira "upo", lakini upo wapi? Jibu kwa nesi aliyeuliza kuhusu kusikiliza hewa

Swali lenyewe nimelifupisha kidogo, linasema hivi:

"Shikamoo dada. Mimi ni nesi, nina mwaka na nusu kazini, niko wodi ya wanaume, magonjwa ya ndani. Kwetu hawakosekani wagonjwa wawili watatu wenye mpira wa kulishia puani, wengi ni kiharusi. Chuoni tulifundishwa ukishaingiza mpira unapuliza hewa kwa sirinji huku unasikiliza tumboni na stethoskopu, ukisikia mlio basi umefika. Juzi dokta mmoja wa intenshipu kanikuta nafanya hivyo akaniambia hiyo kitu ilishaachwa zamani, nisilishe mpaka nipime pH. Sista inchaji naye akasema ana miaka 22 anasikiliza hewa na hajaua mtu. Nimfuate nani? Halafu ndugu wa wagonjwa kulisha wenyewe ni sawa? Na samahani kwa swali la kijinga, ni kweli soda inazibua mpira ulioziba?"

Marahaba mdogo wangu. Dokta yuko sahihi. Na sista wako usimwone mjinga, mie mwenyewe nilifundishwa hivyohivyo na nikawafundisha wanafunzi hivyohivyo miaka kadhaa kabla sijashtuka, kwa hiyo nayajua vizuri sana hayo maneno ya "mbona siku zote".

Tuanze na huo mlio. Ukipuliza hewa kwenye mpira, hewa inatokea kwenye ncha popote ilipo, na inalia. Ikiwa ndani ya tumbo inalia. Ikiwa kwenye umio katikati inalia. Ikiwa imepotea njia ikashuka kwenye pafu mpaka chini kabisa nayo inalia, na pale chini pafu na tumbo wametenganishwa na kiwambo tu, kitu chembamba, sauti inapita kama jirani anavyosikika ukuta wa pili. We umeweka stethoskopu juu ya chembe cha moyo unasikia gurubu-gurubu unafurahi, kumbe unachokisikia ni pafu linapigwa upepo. Sio kwamba sikio lako baya, hata la profesa halitofautishi. Kuna nesi mtafiti wa Marekani anaitwa Norma Metheny, huyu amefanya kazi kubwa sana kwenye hili suala tangu miaka ya 80 na 90, na yeye ndo mmoja wa walioonyesha wazi kwamba kusikiliza hewa hakuwezi kutofautisha tumbo na pafu. Uingereza mwaka 2005 wakala wao wa usalama wa wagonjwa ukatoa tahadhari nchi nzima kwamba hiyo njia isitumike tena, na pamoja nayo wakazikataa njia nyingine ambazo najua na huko kwenu zipo: kutumbukiza mwisho wa mpira kwenye maji uone kama unatoa mapovu, karatasi ya litimasi ya bluu (ile inayogeuka nyekundu ikigusa asidi), na kumwangalia tu mgonjwa ukasema "hakohoi, basi uko sawa".

Hiyo ya hakohoi ndo mbaya kuliko zote kwa wodi kama yako. Mtu mzima mwenye akili zake mpira ukimwingia bomba la hewa atakurukia, atakohoa mpaka macho yatoke. Lakini wewe unamwekea nani mpira? Unamwekea mzee wa kiharusi ambaye koo limelala, au mtu hajitambui. Yule uwezo wa kukohoa ndo hana, kama angekuwa nao vizuri pengine angekuwa anameza chai yake mwenyewe. Kwa hiyo yule ambaye mpira ni rahisi kumpotea ndo huyohuyo ambaye hatakwambia.

Nikupe yangu. Nilikuwa mwaka wa pili kazini, usiku, tuko wawili na wodi imejaa mpaka godoro za chini. Mzee mmoja wa kiharusi akauvuta mpira saa tisa usiku, nikauweka mwingine, ukaingia kirahisi kabisa, nikapuliza, nikasikia, nikamwita mwenzangu naye akasikiliza akasema ee upo. Saa kumi na mbili asubuhi nikamlisha maziwa, kama mililita 200. Hakukohoa hata mara moja. Nikaandika kwenye ripoti "mpira upo, amelishwa", nikaenda zangu nyumbani kulala. Saa nne wakampiga eksirei ya kifua, tena kwa sababu nyingine kabisa, pumzi zilikuwa zimeanza kwenda mbio, dokta anaiangalia anaona mpira umeshuka moja kwa moja pafu la kulia. Mzee alikaa siku 5 akafariki. Kwenye cheti iliandikwa nimonia na kiharusi.

Sasa rudi kwa sista wako na miaka yake 22. Namheshimu, ila atajuaje kama hajaua mtu? Mgonjwa wa kiharusi akipata nimonia siku ya tatu hakuna anayeshangaa, wagonjwa wa kiharusi wanapata nimonia hata bila mpira, na hamna mtu anarudi nyuma kuuliza ule mpira ulithibitishwaje. Kwangu mie iligundulika kwa bahati ya ile eksirei tu. Isingepigwa, leo na mie ningekuwa nakwambia miaka yote hii sijawahi kukosea.

Ndo maana neno "upo" kwenye ripoti za kubadilishana shifti linanikera. Mpira upo. Upo wapi? Hata uliotokeza puani ukajikunja mdomoni nao "upo". Manesi wetu wengi, na nimekaa nao wodini na darasani, ukimpa mpira auingize anauingiza vizuri tu, mikono anayo. Kinachopungua ni kile kinachofuata, yaani kulijua hilo swali la upo wapi na kuliuliza kila shifti, maana chuoni tulifundishwa kuweka mpira kama tendo la dakika kumi, ukishaweka unafaulu mtihani wa vitendo unaondoka, hakuna mtihani wa siku ya 4 ya mpira.

Haya, unafanyaje. Kabla hujaingiza unapima kwenye mwili wa mgonjwa, toka ncha ya pua hadi ndewe ya sikio, toka hapo hadi chembe cha moyo, unaweka alama. Ukishaingiza unaangalia namba ya sentimita pale tundu la pua na unaiandika, kwenye faili na kwenye kipande cha plasta kwenye mpira wenyewe pamoja na tarehe. Halafu unavuta majimaji kwa sirinji kubwa, mililita kidogo tu zinatosha, unadondoshea kwenye karatasi ya pH, yaani ya kupimia ukali wa asidi, namba ikiwa ndogo asidi ni kali kama ya tumboni. Ikisoma kati ya 1 na 5.5 uko tumboni, lisha. Ikisoma 5 na kitu na rangi zinakuchanganya, mwite mwenzio asome na yeye kabla hujaamini. Ikizidi 5.5 usilishe, lakini pia usikimbilie kuung'oa, maana kuna sababu nyingine za kupanda: mgonjwa yuko kwenye omeprazoli au dawa nyingine ya kukata asidi, au kalishwa muda si mrefu na maziwa yamepoza asidi. Ndo maana ukitaka kupima tena unasubiri kama saa nzima baada ya chakula au dawa.

Majimaji yakikataa kutoka, na yatakataa sana tu hasa na mipira myembamba, usianze kusema "basi tusikilize hewa". Mlaze mgonjwa ubavu wa kushoto kama hali inaruhusu, piga hewa kidogo mililita 10 mpaka 20 kwa watu wazima ili ncha iondoke kwenye ukuta wa tumbo (hapo hewa ndo ina kazi yake, kusukuma sio kusikilizwa), subiri robo saa mpaka nusu saa, vuta tena. Bado? Sogeza mpira ndani au nje kidogo ujaribu tena. Bado kabisa, eksirei. Na tafadhali sana, usipitishe maji kwenye mpira kabla hujajua uko wapi. Nimeona watu wanasema "ngoja nijaribishe na maji kidogo". Kama uko kwenye pafu umeshamwagia maji pafuni, na hata usipokuwa pafuni utavuta yaleyale maji na mafuta ya kulainishia yaliyokuwa ndani ya mpira, pH itakudanganya.

Eksirei nayo sio kanisa wala msikiti. Uingereza walipohesabu tena mwaka 2011 walikuta toka ile tahadhari ya 2005 kuna vifo vingine 21 na madhara 79 kwa mipira iliyokaa vibaya, na sababu iliyoongoza ilikuwa eksirei kusomwa vibaya. Kwa hiyo mwambie dokta aandike kwenye faili kwamba ameiona, leo, saa ngapi, na kwamba inaruhusiwa kulisha. Na wewe jifunze kuiangalia, sio siri ya madokta: mpira ushuke katikati ya kifua, upite wima pale bomba la hewa linapogawanyika bila kufuata tawi lolote, uvuke kiwambo ukiwa bado katikati, halafu ncha ionekane chini ya kiwambo upande wa kushoto. Ukiona umekata kona pale juu kwenye mgawanyiko, piga kelele.

Najua utaniuliza, dada hatuna karatasi za pH. Najua. Hospitali nyingi hazina, na wengine mnatumia ile stiki ya kupimia mkojo kwa sababu ina kiboksi cha pH. Stiki ya mkojo haikutengenezwa kwa hii kazi, chini kabisa inaanzia 5, na nyingi zinaruka toka 5 moja kwa moja hadi 6, sasa mstari wetu uko 5.5, utausoma wapi? Peleka ombi la maandishi famasi na kwa matroni, karatasi za pH sio mashine ya CT, ni kiboksi kidogo kinakaa mfukoni. Mpaka ije, mpira mpya kwa mgonjwa asiyejitambua unathibitishwa kwa eksirei, hata kama inabidi asubiri chakula saa kadhaa. Njaa ya saa tano na dripu inaendelea haijamuua mtu wa kiharusi. Mtu mwenye kisukari aliyechomwa insulini ni habari nyingine, na hapa nikutahadharishe: mpira ukichomoka usiku kwa mgonjwa ambaye ameshachomwa insulini, cha kwanza ni kupima sukari na kumwambia dokta, mpira baadaye. Nimeona sukari ikishuka asubuhi kwa sababu mtu aliona kazi ni mpira tu akasahau kwamba insulini haijui kama chakula kimekatika.

Na haiishii siku ya kuweka. Unapima kabla ya kila mlo, kabla ya dawa, na kila mgonjwa akitapika, akipata kikohozi kikali, akifyonzwa makohozi au ukiona ile namba ya sentimita puani imebadilika. Chukua tochi umulike mdomoni, mara ngapi nimekuta mpira umejiviringisha nyuma ya ulimi kama nyoka na mtu anataka kulisha. Dakika moja tu hiyo.

Kitu kimoja pembeni kidogo ila kwa barabara zetu na bodaboda zetu ni muhimu: mtu kaanguka, kaumia kichwa, ana weusi kuzunguka macho au damu au maji masafi yanatoka puani na masikioni, usimpitishie mpira puani hata kama mtu mkubwa kakuagiza. Huyo fuvu la chini linaweza kuwa limepasuka na mpira ukapanda kichwani. Unapitishwa mdomoni, na daktari awepo.

Sasa ndugu. Swali lako ni sawa au si sawa, jibu langu ni kwamba sisi wote tunajua usiku una manesi wawili na wagonjwa arobaini, na bila mama zetu na dada zetu wanaokuja na chupa ya uji saa kumi na mbili asubuhi hao wagonjwa wasingelishwa. Kwa hiyo sisemi wafukuzwe. Nasema kuna kazi ya ndugu na kuna kazi yako, na hiyo ya kujua mpira uko wapi ni yako, haigawiwi. Unapita unathibitisha, unasema mama endelea, na unakaa mlo wa kwanza na wa pili umuone anavyofanya. Maana nikwambie anachofanya asipoelekezwa: anamkuta mgonjwa amelala chali kabisa, anamwonea huruma asimsumbue, anajaza sirinji uji wa moto wa kwenye chupa, anaweka bomba la sirinji lile la ndani anasukuma kwa nguvu dakika mbili imeisha, anafunga anaenda kuosha vyombo. Hapo kuna makosa manne na yote yamefanywa kwa upendo.

Mwinue kichwa kiwe nyuzi 30 hadi 45 wakati wa kula na abaki hivyo nusu saa mpaka saa nzima baadaye, kitanda kisichopanda wekeni mito au viringisheni blanketi. Uji uwe wa vuguvugu, anadondoshea mkononi pale kwenye mshipa wa kiganja kama anavyomfanyia mtoto. Sirinji inawekwa bila lile bomba la ndani, inashikwa juu ya kichwa cha mgonjwa kidogo, uji ushuke wenyewe, mlo wa mililita 250 au 300 uchukue kama robo saa mpaka nusu saa. Ukishuka haraka mno unashusha mkono, ukigoma unapandisha. Mgonjwa akianza kukohoa, kubadilika rangi, kutapika, anabana mpira anaacha anakuita, hamalizii "hii kidogo iliyobaki". Halafu maji mililita 30 ya kusafishia. Mama akishaiona mara mbili anafanya kuliko nesi mwanafunzi, wengine nimewaona wanamfundisha mwenye kitanda cha pili.

Uji wenyewe uchujwe, nasisitiza uchujwe, ule wa ulezi una mapumba na mtu akichanganya na karanga za kusaga unaganda ndani ya mpira kama saruji. Uwe mwepesi wa kupita, ila sio maji matupu pia, maana nimeona mgonjwa analishwa wiki 2 uji wa maji na juisi na anaisha tu, mifupa inahesabika, na faili linasema analishwa vizuri. Muite mtu wa lishe kama hospitali yenu anaye. Chakula cha nyumbani kisikae nje zaidi ya masaa mawili, cha maziwa ya unga yaliyokorogwa kisizidi masaa manne, ile chupa ya asubuhi isitumike mchana kwa joto hili. Na mgonjwa ambaye hajala kabisa kwa siku nyingi, siku tano, wiki, amekonda, usimfungulie milo mikubwa siku ya kwanza mkafurahi anapokea. Mwili uliokaa na njaa ukipewa chakula kingi ghafla madini ya fosfeti, potasiamu na magnesi yanaporomoka kwenye damu na moyo unaweza kusimama. Mnaanza kidogo, daktari anaangalia damu na anampa vitamini B1, mnapanda taratibu.

Kuhusu kuvuta masalia ya tumboni kabla ya kila mlo kuona kimebaki kiasi gani, tulifundishwa ikizidi 150 au 200 unasimamisha chakula. Hii nayo imebadilika. Miongozo ya Marekani ya mwaka 2016 kwa wagonjwa wa ICU (mahututi) inasema sio lazima kupima masalia kila mara, na mnaopima msisimamishe chakula kama yako chini ya mililita 500 na mgonjwa hana dalili nyingine. Kwa wodi yako isiyo ICU mie ningeangalia zaidi tumbo lenyewe, limejaa? limekaza? anatapika? anapata choo? Tumbo linakwambia kuliko sirinji, na wagonjwa wetu wengi wamekosa milo mingi bure kwa ajili ya namba.

Dawa, hapa naomba uniazime masikio vizuri kwa sababu hili ndo eneo ambalo naona manesi wazuri kabisa wanateleza, na hakuna anayewaambia. Vidonge vyote vya saa mbili asubuhi vinatupwa kwenye kinu kimoja, vinatwangwa, maji, vinapigwa kwenye mpira. Kila dawa inasagwa peke yake, inapita peke yake, na maji kidogo katikati. Zikichanganywa zinaweza kugombana humo ndani au zikaganda. Na sio kila kidonge kinasagwa. Nifedipini ile ya kutoa dawa polepole, ambayo imejaa kwenye kila wodi ya kiharusi nchi hii, imetengenezwa imwage dawa taratibu masaa mengi. Ukiitwanga umeivunja hiyo kufuli, dawa yote inaingia kwa mpigo, presha inaporomoka, na ubongo wa mgonjwa wa kiharusi ulikuwa unaitegemea hiyohiyo presha kupata damu. Ukiona jina la dawa limefuatiwa na herufi kama SR, XR, MR au neno retadi, weka kinu chini, mpigie dokta abadilishe dawa. Omeprazoli ya kapsuli ina vile vijipunje ndani, ukivisaga asidi ya tumbo inaiharibu dawa, usipovisaga vinaziba mpira, kwa hiyo omba mbadala. Fenitoini ya kifafa inashikana na chakula cha mpira, kiwango kwenye damu kinashuka na degedege linarudi mkabaki mnashangaa, chakula kisimamishwe saa moja hadi mbili kabla na baada. Siprofloksasini, ile ya kuua bakteria, nayo na maziwa hawaelewani.

Na sirinji. Huku kwetu sirinji ya kulishia na ya kuchomea dawa kwenye mshipa zinafanana, wenzetu wameshaanza kutumia viungio maalumu ambavyo haviingiliani hata ukilazimisha, sisi bado. Kwa hiyo dawa ya kidonge iliyosagwa usiibebe kwenye sirinji ya kawaida ukaiacha kwenye trei pembeni ya kanula (kile kijibomba cha mshipani). Mtu wa shifti ya pili akija haraka ataipeleka mshipani. Tumia ile kubwa ya mdomo mrefu ya mililita 50 au 60 ambayo haiingii kwenye kanula, na ufuate mpira kwa mkono toka puani mpaka mwisho wake kabla hujaunganisha kitu chochote.

Plasta nayo, usimvutie mpira juu ya paji la uso, ule unakwea na kukata tundu la pua, siku ya sita mgonjwa ana kidonda ambacho hakuja nacho. Bandika juu ya pua halafu uufuate shavuni ukiwa umelegea, badilisha plasta kila siku, osha hapo. Mdomo upigwe mswaki hata kama hali kwa mdomo, tena hasa kama hali kwa mdomo, maana ule uchafu wa mdomoni ndo unampalia pole pole usiku na ndo nimonia yenyewe. Ile mipira migumu ya bei rahisi tunayopewa asidi ya tumbo inaikomaza, ikifika siku 7 mpaka 10 badilisha, pua ya pili. Na ukiona kiharusi kimefika wiki ya tatu ya nne bado hamezi, muulize dokta kuhusu mpira wa kupitia ukuta wa tumbo, usisubiri mwezi wa pili.

Kwa sista usiende na "dokta kasema", utaanzisha vita vya bure. Subiri siku eksirei ya mgonjwa mwenye mpira imekuja, mwite, mwambie sista hebu nionyeshe huu unapita wapi. Mkiangalia pamoja mara tatu nne, mazungumzo yanakuja yenyewe. Kwangu mie ilinifanyia kazi kwa mtu mgumu kuliko wa kwako, na yeye ndo aliyeenda kugonga mlango wa famasi kudai karatasi za pH, kwa cheo chake zilikuja wiki ileile, mie nilishaziomba miezi.

Swali lako la soda sio la kijinga, kila wodi ina mtu wa soda. Soda ina asidi, ikikutana na maziwa au uji wa protini uliobaki kwenye mpira inayakatisha, yanaganda zaidi, unaweza ukajikuta umeongeza kifuniko juu ya kifuniko. Chukua sirinji ya 50 au 60 yenye maji ya vuguvugu, sukuma kidogo vuta kidogo, sukuma vuta, kama unabembeleza, halafu ubane mpira uyaache maji ndani dakika 10 hivi, urudie. Usichukue sirinji ndogo ya 2 au 5 ukidhani ina nguvu, ndo kweli ina nguvu, inapasua mpira. Usitumbukize waya. Ikigoma mara mbili tatu, toa uweke mwingine, na uanze tena na kupima pua, sikio, chembe cha moyo.